Kuchagua Prosesa ya Mashine ya Akili Mnemba: Anza na Chaneli za Kumbukumbu

Anayetaka kujenga kompyuta ya kazi za akili mnemba huelekeza karibu pesa yake yote kwenye kadi ya GPU, na hapo hakosei. Kazi ngumu huja anapotafuta mashine ya kuichomeka kadi hiyo. Dukani ataambiwa idadi ya viini vya prosesa na gigahezi zake, kwa kuwa ndivyo vinavyoandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Lakini mambo mawili yatakayoamua kama mashine itamfaa kwa miaka mitano ijayo mara nyingi yamefichika ndani ya karatasi za kiufundi: chaneli za kumbukumbu, yaani barabara kati ya prosesa na RAM, na njia za PCIe, yaani barabara kati ya prosesa na kadi. Mwongozo huu unashughulika zaidi na hayo mawili, kisha umeme na joto, ambavyo kwa aliyeko Dar es Salaam au Mombasa si mambo ya kupuuza.

Modeli itakaa wapi?

Kabla ya kuuliza AMD au Intel, jiulize kama modeli unayokusudia kuitumia itaenea yote kwenye kumbukumbu ya GPU, au sehemu yake itabidi ibaki kwenye RAM. Jibu la swali hilo ndilo linalokwambia ununue nini.

Tumchukue mtu anayefundisha mashine kusikia Kiswahili. Ipo modeli ya Whisper iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, na zipo rekodi za Kiswahili ambazo watu wamejitolea kuzisoma katika mradi wa Common Voice wa Mozilla. Whisper kubwa ina vigezo bilioni 1.55. Kuitumia tu kwa biti 16 kunadai GB 3 na ushei, kwa hiyo kadi ya wastani inatosha na prosesa yoyote ya kisasa inatosha. Akitaka kuifundisha upya nzima, hesabu inabadilika. Kwa utaratibu wa kawaida wa Adam, kanuni ya kurekebisha vigezo wakati wa mafunzo, kila kigezo hudai takriban baiti 16: mbili za uzito wenyewe, mbili za gradienti, na kumi na mbili za nakala ya biti 32 pamoja na rekodi mbili ambazo Adam huzitunza. Zidisha kwa bilioni 1.55 upate GB 24.8, kabla hata sauti moja haijaingia. Kadi ya GB 24, kama RTX 3090 au 4090, inashindwa kwa tofauti ndogo kabisa.

Ana njia za kutokea. Anaweza kutumia LoRA, ambayo hufundisha vigezo vichache vya nyongeza na kuuacha uzito wa asili ulivyo. Anaweza kutumia Adam ya biti 8. Au anaweza kuhamishia rekodi za Adam kwenye RAM kwa programu ya DeepSpeed, na hapa ndipo prosesa na ubao mama vinapoanza kuhusika. Kila hatua ya mafunzo, GB 3 za gradienti zitashuka kutoka kwenye kadi kwenda RAM, prosesa itapiga hesabu, kisha GB 3 za uzito mpya zitapanda kurudi kwenye kadi. Kadi ikiwa kwenye tundu la PCIe 4.0 lenye njia 16, safari moja huchukua kama sehemu ya kumi ya sekunde. Ikiwa kwenye tundu lenye njia 4 tu, safari hiyo hiyo ni mara nne ya muda huo, na hatua za mafunzo ni maelfu kwa maelfu. Kwa ukubwa huu wa modeli, mimi ningeanza na LoRA kabla ya kutoa hata shilingi ya kununua ubao mwingine.

Kuna kazi moja ya prosesa ambayo wengi huisahau, nayo ni kuandaa data. Rekodi za Common Voice ni faili za MP3. Kila moja lazima ifunguliwe, ibadilishwe hadi kilohezi 16, kisha igeuzwe kuwa picha ya masafa ya sauti (spektrogramu) ambayo Whisper inaielewa. Hayo yote kwa kawaida hufanywa na viini vya prosesa. Washa nvidia-smi wakati mafunzo yanaendelea uangalie asilimia ya matumizi ya GPU. Ukiiona inapanda hadi 100, inaporomoka hadi 0, kisha inapanda tena, jua kadi inakaa bure ikingoja data. Kabla ya kwenda kununua prosesa yenye viini 64, andaa data hiyo yote mara moja, ihifadhi kwenye diski ya NVMe, kisha ufundishe ukisoma kilichokwisha kuandaliwa. Viini 8 hadi 16 vyenye kasi nzuri vitakufikisha mbali.

Modeli isipoenea kwenye kadi

Sasa tumfikirie mwingine: hospitali, ofisi ya mawakili au SACCO inayotaka modeli kubwa ya lugha isome nyaraka zake bila nyaraka hizo kutoka nje ya jengo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taasisi nyingi zingependa mashine iwe chini ya paa lao wenyewe. Modeli wanazozitaka haziingii kwenye kadi moja, na kadi nne hawana bajeti yake. Kwao kasi ya RAM ndiyo kila kitu.

Sababu yake ni hii. Modeli ya kawaida ya vigezo bilioni 70, ikibanwa hadi biti 4, ina uzito wa GB 40 hivi. Ili kutoa tokeni moja tu, yaani neno au kipande cha neno, mashine inalazimika kuusoma uzito wote huo kutoka kwenye kumbukumbu. Tokeni inayofuata, inausoma tena. Kwa hiyo chukua kasi ya kusoma RAM, igawe kwa 40, upate kikomo cha tokeni kwa sekunde ambacho hakuna kiini wala gigahezi itakayokivuka.

Kasi hiyo unaweza kuikokotoa mwenyewe kwa kalamu: kasi iliyoandikwa kwenye kijiti cha RAM, mara baiti 8, mara idadi ya chaneli. Kompyuta ya mezani yenye DDR5-6000 ina chaneli mbili, kwa hiyo GB 96 kwa sekunde, sawa na tokeni 2.4. Seva ya AMD EPYC ya familia ya 7002 au 7003 ina chaneli nane za DDR4-3200: GB 204.8, tokeni 5. EPYC 9004 ya mwaka 2022 ina chaneli kumi na mbili za DDR5-4800: GB 460.8, tokeni 11 na nusu. RTX 3090 peke yake husoma kumbukumbu yake kwa GB 936 kwa sekunde. Hivi vyote ni vikomo vya kwenye karatasi. Mashine halisi itakaa chini yake. Lakini angalia: prosesa ya mezani ya viini 16 na ile ya viini 8 ziko chini ya kikomo kile kile. Wachota maji wakiwa hamsini na kisima kina ndoo mbili, maji hayatoki upesi zaidi.

Modeli za aina ya mchanganyiko wa wataalamu zimelibadilisha jambo hili kwa faida ya mwenye RAM nyingi. DeepSeek-R1, iliyotolewa Januari 2025, ina vigezo bilioni 671, lakini kwa kila tokeni hutumia bilioni 37 tu. Ikibanwa hadi biti 4 inadai RAM ya GB 400 na zaidi, ila kwa kila tokeni inasoma kama GB 22. Seva ya chaneli nane iliyojazwa vijiti vinane vya GB 64 inaweza kuibeba, na kikomo chake ni tokeni 9 hivi kwa sekunde. Modeli ya gpt-oss-120b ya OpenAI, ya Agosti 2025, ni nyepesi zaidi: vigezo bilioni 117, vinavyotumika kwa tokeni ni bilioni 5.1. Hiyo hata kompyuta ya mezani yenye GB 96 za RAM na kadi moja inaiendesha kwa kasi inayovumilika.

Hata hivyo usiitupe kadi. Kasi ya RAM inahusu utoaji wa majibu. Usomaji wa swali lenyewe unadai nguvu ya hesabu, na hapo prosesa peke yake huchoka. Ukiipa mashine mkataba wa kurasa 60, utangoja sana kabla neno la kwanza halijatokea. Kadi moja ya GB 24 ikiwa ndani ya seva yenye RAM nyingi hupunguza kungoja huko kwa kiasi kikubwa. Mpangilio huu, wa RAM kubwa yenye chaneli nyingi pamoja na kadi moja nzuri, ndio ninaouona unawafaa zaidi wenye bajeti ya wastani wanaotaka modeli kubwa.

Kompyuta ya mezani na mipaka yake

Kwa kadi moja, kompyuta ya mezani ya Ryzen au Core inatosha, na mtu asikuuzie hofu. Mipaka yake ni miwili. Ryzen za tundu la AM5 zina njia 24 za PCIe 5.0 za kutumia: 16 za kadi, zilizobaki za diski. Kadi ya pili utakayoiweka, ubao usipokuwa na uwezo wa kugawa njia 16 kuwa nane kwa nane, itaangukia tundu refu lenye njia 4 tu, tena zinazopitia chipu ya ubao na kuchangia barabara moja na diski na USB. Kwa kuendesha modeli iliyogawanywa tabaka kwa tabaka, njia hizo zinavumilika, maana kinachopita kati ya kadi ni kidogo. Kwa kufundisha na kadi mbili, zinaumiza. RTX 3090 angalau ina daraja la NVLink la kuunganisha mbili. 4090 na 5090 hazina, kwa hiyo mazungumzo yao yote hupita PCIe.

Mpaka wa pili ni RAM. Ukijaza matundu yote manne kwenye AM5, kasi ambayo AMD yenyewe inaithibitisha hushuka hadi DDR5-3600. Unaongeza GB na kupoteza kasi karibu nusu. Nunua vijiti viwili vikubwa, usinunue vinne vidogo.

Seva za mtumba

Hapa ndipo thamani ilipo kwa wengi wetu, na hapa ndipo pa kufungua macho. EPYC 7002 ilitoka mwaka 2019 ikiwa na njia 128 za PCIe 4.0 na chaneli nane. Vituo vya data vilivyozinunua vimekuwa vikizitoa, na ubao kama ASRock Rack ROMED8-2T unakupa matundu saba ya njia 16 kwenye ubao mmoja wa kawaida wa ATX. Hakuna kompyuta ya mezani inayokaribia hapo.

Lakini si kila EPYC ni EPYC. Prosesa hizi hujengwa kwa vipande, na kila kipande kina upana wake wa kuvuta data. Yenye vipande viwili haiwezi kuzitumia chaneli nane zote hata ukijaza RAM kila mahali. EPYC 7282, 7272, 7252 na 7232P ziko hivyo: AMD imezitangaza kwa GB 85.3 kwa sekunde, chini ya kompyuta nzuri ya mezani. Wauzaji huzipigia debe kwa kuwa ni za bei nafuu na jina ni kubwa. Zitambue kwa kuangalia akiba ya L3. Kwenye familia hiyo, MB 64 au chini yake ni dalili ya vipande vichache. MB 128 ni vipande vinne. MB 256 ni vipande vinane. EPYC 7532, yenye viini 32 na L3 ya MB 256, kwa kazi hii inaishinda nyingine nyingi zenye viini sawa. Tatizo hilo hilo limo kwenye Threadripper PRO ndogo, zikiwemo 5955WX na 7955WX: ubao una chaneli nane, prosesa haina mikono ya kuzifikia zote.

Kuna mtego mbaya zaidi. Baadhi ya watengenezaji wa seva huifunga EPYC kwa alama ya kudumu mara inapowashwa kwenye ubao wao, na baada ya hapo haiwaki kwenye ubao wa kampuni nyingine. Hakuna fundi wa kuifungua. Muulize muuzaji, kwa maandishi, kama prosesa imetoka kwenye seva ya kampuni gani na kama haijafungwa. Akijibu kwa kuzungukazunguka, ondoka. Herufi P mwishoni mwa jina inamaanisha prosesa hiyo ni ya ubao wa tundu moja tu, na kwa matumizi yetu hilo si kasoro hata kidogo, hupunguza bei.

Ubao wa prosesa mbili nao unavutia, lakini usitarajie kasi mara mbili. Kila prosesa ina RAM yake, na ikihitaji data iliyo upande wa pili inalazimika kuvuka kiungo chembamba kati yao. Programu nyingi za kuendesha modeli hazijui kuligawa jambo hilo vizuri. Bora prosesa moja yenye chaneli zote zimejazwa.

RAM ya seva ni RDIMM, na haibadilishani na UDIMM ya kompyuta ya mezani. Jaza chaneli zote: vijiti vinane vya GB 32 ni bora kwa mbali kuliko vinne vya GB 64, ingawa jumla ni ile ile. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda sana duniani kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinainyonya, kwa hiyo pata bei ya RAM kwanza, ndipo uchague prosesa. Watu wengi huishia na prosesa nzuri na vijiti viwili vya RAM, yaani wamelipia chaneli nane wanatumia mbili.

Zilizo mpya

Mwenye bajeti kubwa atazitazama Threadripper za AMD. Zipo za kawaida zenye chaneli nne na za PRO zenye chaneli nane na njia 128 za PCIe 5.0, na tundu ni moja, sTR5. Uwe mwangalifu: ukiweka PRO kwenye ubao wa TRX50 unapata chaneli nne tu, nane zinataka ubao wa WRX90. Kwa Intel, Xeon W-3400 ya mwaka 2023 ina chaneli nane na njia 112, na W-2400 ina nne na 64. Xeon za kizazi hicho zina maelekezo ya AMX yanayoharakisha hesabu za matriki ndani ya prosesa, na ule usomaji wa mkataba wa kurasa 60 hunufaika nayo. Anayetaka kuendesha modeli bila kadi kabisa aziangalie kwanza hizo.

Visanduku vidogo vyenye kumbukumbu ya pamoja, kama Mac Studio ya M3 Ultra inayosoma GB 819 kwa sekunde, au DGX Spark ya NVIDIA yenye GB 128 na kasi ya GB 273, vinafaa kwa anayeendesha modeli tu. Kumbukumbu yake huwezi kuiongeza kamwe, na Mac haina CUDA, jukwaa la NVIDIA ambalo programu nyingi za mafunzo hulitegemea. Kwa kufundisha, nisingevinunua.

Umeme, joto, kelele

Soketi yetu ya pini tatu ya ampea 13, kwa volti 230 au 240, inabeba kama wati 3,000, kwa hiyo kadi mbili au tatu hazihitaji waya mpya ikiwa nyaya za nyumba ni nzima. Gharama iko kwenye uniti. Mashine inayovuta wati 800 usiku na mchana hula uniti 19 kwa siku, zaidi ya 570 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayolipia LUKU au tokeni zako za umeme kabla hujaamua kuiacha ikiwaka. Kadi ya RTX 3090 inaruhusiwa wati 350, lakini ukiifunga kwenye 280 kwa amri ya nvidia-smi -pl 280 utapoteza kasi kidogo sana na kuokoa joto jingi.

UPS ni lazima, na lazima iwe na uwezo wa mzigo halisi, kwa sababu umeme kukatika katikati ya mafunzo kunapoteza saa za kazi. Hifadhi nakala ya modeli kila baada ya hatua kadhaa. Pwani, chumba kikiwa na nyuzijoto 33 mchana, prosesa ya wati 280 na kadi mbili zitahitaji kiyoyozi au zitapunguza kasi zenyewe. Hewa ya chumvi nayo hula viunganishi; iweke mbali na dirisha la upande wa bahari. Seva za kuchomeka kwenye raki zina feni za kelele ambazo hutaweza kukaa nazo sebuleni. Nunua ubao uuweke kwenye kasha kubwa la kawaida, na upime nafasi kati ya matundu: kadi za michezo ni nene, nyingi hufunika matundu matatu, na matundu saba yanaweza kubeba kadi mbili tu.

Siku mashine inapofika

Ukiiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa, hasa kwenye DDR5 yenye GB nyingi, kwa kuwa ubao unajipima na kila kijiti. Usiizime. Ubao wa seva una kifaa cha kuisimamia kwa mbali. Badilisha nywila yake siku hiyo hiyo, na usikiunganishe moja kwa moja na intaneti.

Kisha kagua. Amri ya dmidecode -t memory itakuonyesha kila kijiti na kasi yake halisi. Kwa kadi, endesha lspci -vv utafute mstari wa LnkSta: kwenye PCIe 4.0 unataka kuona 16GT/s na x16. Fanya hivyo kadi ikiwa kazini, maana ikipumzika hushusha kasi ya kiungo yenyewe na utadhani ni mbovu. Mwisho, endesha STREAM, kipimo cha kasi ya kumbukumbu kilichoandikwa na John McCalpin. Matokeo yakiwa robo tatu au zaidi ya hesabu uliyoipiga kwa kalamu, umepata ulicholipia. Yakiwa nusu, ama chaneli hazijajazwa, ama prosesa ni ya vipande vichache, ama kuna kijiti kibovu. Mpigie muuzaji simu kabla muda wa kurudisha haujapita.